Uswisi Mwezi wa Novemba: Milima Imefungwa, Tuende au Tusubiri?

REHEMA: Karibuni wasikilizaji wetu, popote mlipo. Leo tunakwenda Uswisi, ila mwezi wa Novemba. Majani yamepukutika, theluji ya kutelezea haijatanda, na watalii wengi wamesharudi makwao. Mimi nimeiona nchi hiyo wakati huo, na leo naitetea.

SALIM: Na mimi, dada Rehema, nitakubana. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Uswisi na nchi nyingi za Ulaya, haipungui bei kwa sababu ni Novemba. Bima ya safari ni ile ile, lazima ifikie angalau euro 30,000. Sasa mtu alipe yote hayo, kisha akute hoteli imefunga milango?

REHEMA: Ni swali la haki, na ubaya wenyewe tuuseme waziwazi. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Desemba, vijiji vingi vya juu milimani hulala. Mürren kwa mfano, kijiji kizuri mno juu ya bonde la Lauterbrunnen, hoteli zake nyingi hufunga. Magari ya nyaya yanayopandisha watu mlimani, mengi husimama. Hata Glacier Express, treni maarufu ya Zermatt hadi St. Moritz, hupumzika kipindi hicho.

SALIM: Mbona yasimame yote kwa mpigo?

REHEMA: Kwa sababu ya usalama, na mimi nawasifu kwa hilo. Kiangazi yamebeba wapanda milima, na karibuni yatabeba watelezaji wa theluji. Katikati hapo ndipo mafundi wanapopata nafasi. Wanakagua breki na magurudumu, na waya wenyewe wanaupima kwa sumaku ili wajue kama kuna uzi uliokatika ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Ukikuta kibao kinasema pamefungwa, ujue kuna watu kazini huko juu, kwenye baridi.

SALIM: Hapo nimekuelewa. Lakini aliyekwenda kuona milima bado hajaiona.

REHEMA: Ataiona kwa treni, kaka Salim. Treni za milimani kadhaa haziachi kazi mwaka mzima. Ya Gornergrat, juu ya Zermatt, inafika mita 3,089. Ya Jungfraujoch inafika mita 3,454, hakuna stesheni ya reli iliyo juu zaidi Ulaya. Na njia ile ya Glacier Express, treni za kawaida za wenyeji zinapita humo humo. Utabadilisha treni njiani, basi, na mabonde ni yale yale.

SALIM: Na ukungu? Jamaa zetu wanaoishi Zürich na Bern, kilio chao cha Novemba ni hicho. Wiki nzima jua hulioni.

REHEMA: Wanasema kweli. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ukungu huo ndio ulionifanya niipende Novemba. Kati ya safu za milima ya Jura na Alps kuna uwanda ambao ndiko waliko watu wengi wa nchi hiyo. Hewa baridi ni nzito, basi inashuka na kutuama humo pamoja na unyevu wake. Juu yake inakaa hewa yenye joto zaidi, inauzuia ukungu usipande. Pasipokuwa na upepo wa maana, unabaki pale siku nyingi. Lakini una kikomo! Mara nyingi haufiki hata mita 1,500. Sasa wewe panda Rigi.

SALIM: Rigi ni upi huo?

REHEMA: Ni mlima karibu na Luzern, mita 1,798. Unachukua meli ziwani hadi Vitznau, kisha treni ya meno, ile yenye gurudumu linalong'ata reli ya katikati. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1871, ya kwanza ya aina yake Ulaya. Unaondoka chini kijivu kitupu, miti huioni vizuri. Treni inapanda, kijivu kinazidi kuwa cheupe, halafu ghafla umetokeza. Jua kali, anga la buluu, vilele vya Alps vimejipanga mbele yako, na chini kote ni bahari ya ukungu, vilima vimechomoza kama visiwa. Mimi ni mtu wa Moshi. Nimezoea kuamka mapema niuone Kibo kabla mawingu hayajaufunika. Kusimama juu ya mawingu yenyewe, jua linaniwaka usoni, machozi yalinitoka.

SALIM: Mashallah. Sasa mtu anajuaje kwamba siku hiyo juu ni kweupe? Asije akalipa nauli akakuta ukungu mpaka kileleni.

REHEMA: Kuna kamera vileleni, picha zake ziko wazi kwenye intaneti. Fungua asubuhi kabla hujavaa viatu. Ukiona jua, nenda. Ukiona kijivu, siku hiyo ni ya makumbusho. Na ukiwa na Swiss Travel Pass, tiketi moja ya watalii kwa usafiri wa nchi nzima, treni, mabasi, meli za ziwani na hata treni ya Rigi zimo ndani. Jungfraujoch haimo, unapata punguzo tu.

SALIM: Mimi nimesikia pia habari za gulio la vitunguu la Bern, nikavutiwa.

REHEMA: Zibelemärit! Jumatatu ya nne ya Novemba. Saa kumi na moja alfajiri, giza bado, baridi inauma, na watu wameshajaa. Wakulima wanaleta vitunguu vilivyosukwa mikungu mirefu, vimepambwa kwa maua makavu. Kuna pai ya vitunguu ya moto, na watoto wanarushiana vipande vya karatasi za rangi. Gulio hilo ni la wenyeji hasa, wanaagana na mavuno.

SALIM: Niwakumbushe wanaoswali: mwisho wa Novemba jua linachomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi, na kuzama karibu saa kumi na moja kasorobo jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana upesi mno. Panga safari ya mlimani ukijua hilo.

REHEMA: Na kwa kila mtu, uwe umeshashuka kabla ya giza. Viatu visivyopenyeza maji ni muhimu kuliko koti.

SALIM: Koti tunalo. Sokoni Kongowea, Mombasa, makoti mazito ya mitumba yanauzwa bei ya chini, maana pwani nani atalivaa?

REHEMA: Karume Dar es Salaam pia. Nunueni huko kabla ya kuondoka, maana bei za Uswisi zinaumiza. Na Jumapili maduka mengi hufungwa, yale ya stesheni kubwa ndiyo yanayobaki wazi.

SALIM: Basi umenigeuza nusu. Ningekwenda, lakini ningelala Luzern au Bern, siyo kijijini juu.

REHEMA: Hivyo hivyo ndivyo ningemshauri ndugu yangu. Lala mjini, panda mlimani siku ya jua.

SALIM: Maombi ya viza yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo anayewaza Novemba anaweza kuanza tangu Mei. Tutumieni maswali yenu, tutayajibu kipindi kijacho.