Podikasti: Jicho Kwanza, Darubini Baadaye

SALIM: Karibuni tena. Dada Rehema, mtu ana darubini yake ya kwanza uani, kioo cha milimita 150. Mwezi ameuona, pete za Zohali amezionea raha. Sasa anataka galaksi, yale makundi ya mabilioni ya nyota yaliyo mbali sana. Aanzie wapi?

REHEMA: Aanzie kwenye mafungu ya nyota, kaka Salim. Galaksi zitamvunja moyo asipolizoeza jicho kwanza. Aielekeze darubini kwenye Kilimia kwa ukuzaji mdogo kabisa, maana ni pana zaidi ya mara tatu ya Mwezi mpevu. Akikuza sana ataona nyota mbili tatu tu, fungu lenyewe limpotee.

SALIM: Halafu?

REHEMA: Halafu Omega Centauri, fungu la nyota lililosongamana kama mpira, kama yuko kusini au karibu na ikweta. Mwanaastronomia Mwingereza Edmond Halley aliiorodhesha mwaka 1677. Kwa ukuzaji mdogo ni ukungu wa mviringo. Sasa badilisha lenzi ya kuchungulia, kuza mara 100, kisha mara 150. Anga la nyuma linazidi kuwa jeusi, nyota zinabaki nukta zilezile, na ule ukungu unaanza kuchambuka kuanzia pembeni. Nukta kumi, hamsini, mara huwezi tena kuhesabu. Mle ndani mna nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Mimi kila nikiitazama nashindwa kuondoka.

SALIM: Basi galaksi nazo tuzikuze vivyo hivyo?

REHEMA: Hapo ndipo watu wanapokwama. Nyota ni nukta, ila galaksi ni mwanga uliotandazwa. Ukiikuza, mwanga uleule unatandazwa zaidi, unafifia. Ndogo zinavumilia ukuzaji wa wastani. Galaksi ya Andromeda hapana, ina upana wa kama Miezi sita ikipangwa mstari. Tumia lenzi ya ukuzaji mdogo, utaona kitovu kinang'aa na pembeni weupe hafifu kama pumzi kwenye kioo. Mwanga huo ulianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita.

SALIM: Wengi wanategemea rangi na mikono iliyojizungusha, kama kwenye picha.

REHEMA: Kamera hukusanya mwanga kwa saa nzima, jicho halina uwezo huo. Tena gizani zile chembe za jicho zinazotambua rangi hazifanyi kazi, ndiyo maana kila kitu ni kijivu. Na mikono? Galaksi ya M51 ndiyo ya kwanza kuonekana ina mikono iliyojizungusha, na aliyeiona ni mwanaastronomia Lord Rosse, Ireland, mwaka 1845, kwa kioo cha mita 1.8! Kwa milimita 150 utaona madoa mawili yanayokaribiana. Milimita 250 na anga jeusi kweli, mikono inaanza kujidokeza. Sioni aibu kusema madoa yale mawili yananitosha.

SALIM: Kwa hiyo anga jeusi linashinda kioo kikubwa?

REHEMA: Kwa galaksi, naam. Darubini ndogo mbali na taa za mji itaonyesha galaksi ambazo kubwa mjini haizioni. Chagua usiku usio na Mwezi. Kaa gizani nusu saa, simu mfukoni, taa iwe nyekundu na hafifu, kwa sababu mwanga mweupe wa sekunde chache unakurudisha mwanzo.

SALIM: Na bado mtu anachungulia haoni kitu.

REHEMA: Asiikodolee macho. Atazame pembeni kidogo ya pale ilipo, kwani katikati ya jicho ndiko kunakopokea mwanga hafifu vibaya zaidi. Ikigoma, agonge darubini kwa kidole, taratibu. Doa likitikisika jicho hulinasa, maana jicho hung'amua kinachosogea kabla ya kilichotulia. Likisimama, aendelee kulitazama kwa pembeni dakika kumi nzima. Ukingo utajitokeza kwanza, kisha atajua limelalia upande gani.