Kipepeo Ambaye Hakuwa Kipepeo

Hamjambo nyote. Kabla sijasema lolote, tazameni picha iliyo ukutani, kisha mniambie mnaona mdudu gani.

Nasikia “kipepeo” kutoka kila pembe. Nami nilipoiona mara ya kwanza nilisema hivyo hivyo. Mabawa mapana, doa la duara katikati ya bawa kama jicho lililokodolewa, na mdomo mrefu mfano wa mrija. Lakini huyu ni kisukuku, alama ya mdudu iliyobaki kwenye jiwe, na jiwe hili limetoka kaskazini-mashariki mwa China, katika matabaka yenye umri wa miaka milioni 125 hivi. Wakubwa wake katika ukoo, waliochimbuliwa Daohugou huko Mongolia ya Ndani, wana miaka milioni 165 hivi. Vipepeo tunaowajua sisi walikuwa hawajazaliwa.

Familia hii inaitwa Kalligrammatidae, nayo iko katika oda ya Nyuroptera, kundi kubwa la wadudu wenye mabawa ya wavu. Jamaa yake mmoja mnamjua tangu utotoni: kile kidudu kinachochimba shimo kama faneli kwenye mchanga mkavu chini ya upenu, kikajizika humo na kungoja sisimizi ateleze. Kile ni buu. Akikomaa, hutoka na mabawa manne membamba, na usiku mnamwona akizungukazunguka taa, mkadhani ni kereng'ende.

Wa kwanza wa familia hii kupewa jina alitoka Solnhofen, Bavaria, huko Ujerumani, kwenye mawe ya chokaa yale yale yaliyomhifadhi ndege wa kale Archaeopteryx. Mwaka 1904 Johannes Walther alimwita Kalligramma haeckeli, kwa heshima ya mwanabiolojia Ernst Haeckel. Kalligramma ni Kigiriki, maana yake mchoro au mwandiko mzuri, na kwangu mimi hakuna jina la kisayansi lililomkaa mwenyewe vizuri kuliko hilo. Mwaka 1906 Anton Handlirsch akamfungulia familia yake. Mdudu huyo aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, zama zile zile ambapo dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, walikuwa wakitembea.

Sasa, tunajuaje kwamba si kipepeo? Msitazame jicho la bawani, tazameni mishipa. Bawa la kipepeo lina mishipa michache, na kati ya mmoja na mwingine pana uwanja mtupu. La huyu limejaa. Mshipa unagawanyika, matawi yanagawanyika tena kuelekea ukingoni, na vijishipa vingi vinakatiza katikati, hata bawa zima likawa kama wavu wa mvuvi. Rangi na umbo hubadilika upesi mdudu akianza maisha ya namna nyingine. Mpango wa mishipa hudumu. Kwa hiyo anayepanga wadudu hawa katika familia hukaa na darubini akifuatilia mshipa mmoja mmoja tangu shinani.

Kazi hiyo ina taabu zake. Mara nyingi jiwe hutupatia bawa tu, bila kichwa wala miguu, na pengine kipande cha bawa. Mtu akipata bawa la mbele leo na la nyuma kesho, ni rahisi kuwafanya spishi mbili. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya mwaka 2014 ya Qiang Yang na wenzake, ambao walilinganisha visukuku vya China na kuigawa familia katika nusufamilia tano, huku Sophogrammatinae ikitoka mapema zaidi kwenye shina. Mwaka 2018 wakaelezwa wengine kutoka kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ya Myanmar, ya miaka milioni 99 hivi. Hao ni wadogo, lakini mwili wao haukubanwa ukawa bapa kama wa mawe, na midomo yao inaonekana wazi.

Mdomo huo ndio unaonisisimua zaidi. Waliokuwapo mwanzo walikuwa na mrija kabla dunia haijawa na maua mengi. Walifyonza nini? Kulikuwa na mimea iliyoitwa Benetitale. Ungeiona ungedhani ni mtapo wetu wa pwani. Inaelekea mdudu alifyonza matone matamu katika mimea ya namna hiyo, akibeba chavua kutoka mmoja hadi mwingine. Mwaka 2016 Conrad Labandeira na wenzake walionyesha kwamba hata magamba ya mabawani alikuwa nayo, na kwamba katikati ya lile jicho kulikuwa na melanini, kile kitu kinachotia rangi nyeusi. Kipepeo akaja kuvipata vitu hivyo hivyo baadaye, kwa njia yake mwenyewe. Mimea yenye maua ilipoenea na ile ya kale kupungua, familia hii ikatoweka.

Pale mezani nimeweka kioo cha kukuza na mabawa mawili: moja la kipepeo wa bustanini, jingine la yule mdudu wa kwenye taa. Njooni mhesabu mishipa.