Akaunti imefungwa, ila nani yumo ndani?

Haya wadau, karibuni. Leo tunachukua simu moja na kuipekua, kuanzia Instagram mpaka WhatsApp, tuone polisi wanaweza kusoma nini bila hata kupiga hodi. Hatufundishani kuficha uhalifu hapa. Namzungumzia kijana asiye na kesi yoyote, lakini picha zake, marafiki zake na kijiwe anachoshinda vyote viko hadharani. Kusoma kilicho hadharani, kwa kawaida askari hahitaji hati ya mahakama. Anahitaji bando tu.

Anza kwa kujitafuta. Fungua kivinjari katika hali fiche (incognito), usiingie kwenye akaunti yoyote, andika jina lako la mtumiaji ndani ya alama za kunukuu. Kama jina ni lilelile Instagram, TikTok na kwenye magemu, akaunti zako tatu zimeshakuwa faili moja. Badilisha ile usiyotaka ihusishwe na nyingine, na ibadilishie picha ya wasifu pia. Watu wanasahau picha.

Instagram: mipangilio, faragha ya akaunti, washa, ili wasiokufuata wasione posti zako. Hii mnaijua, sikai hapo. Ila ninyi wa chini ya miaka 18, tangu Septemba 2024 Instagram ilianza kuwaweka vijana kwenye akaunti maalumu zinazokuja zikiwa zimefungwa tayari. Kama ulijiongezea miaka wakati wa kujisajili, mfumo unaweza kukuhesabu mtu mzima, na ulinzi huo ukaukosa. Ukubwa una gharama zake.

Sasa sikilizeni. Kufunga akaunti hakumtoi aliyekwisha kuingia. Wale wafuasi 900 uliowapokea akaunti ikiwa wazi bado wanaona kila kitu. Na polisi wakitaka kuingia hutumia mlango huohuo: akaunti bandia, picha ya kuvutia, ombi la urafiki. Sheria za Facebook zinakataza akaunti bandia, hata kwa polisi. Mwaka 2018 kampuni iliwaandikia barua polisi wa Memphis, Marekani, ikiwataka waache. Mwaka 2021 ikawaandikia wa Los Angeles. Kwa hiyo usitegemee katazo.

Fungua orodha ya wafuasi, shuka nayo jina kwa jina. Ukibonyeza kuondoa, mtu hapati taarifa yoyote, kwa hiyo usiogope lawama. Kipimo ninachokipenda: huwezi kusema ulikutana naye wapi, anatoka. Na usiniambie "lakini tuna marafiki kumi wa pamoja." Mmoja wenu alimkubali kizembe, wengine tisa wakamkubali kwa sababu ya yule mmoja. Ndiyo maana kule Facebook orodha ya marafiki unaiweka "mimi tu": inampa mgeni ramani ya pa kuanzia.

Subirini kidogo... mmeona hiyo arifa iliyoshuka juu ya skrini? Nitaiziba nikihariri, lakini tuitumie hapahapa. Mipangilio ya simu, arifa, zima kuonyesha maudhui skrini ikiwa imefungwa. Simu iliyolala mezani inasomwa na yeyote aliyesimama karibu, bila kuigusa. Haya, tuendelee.

Mahali ulipo. Snapchat, fungua ramani, weka Hali ya Mzimu (Ghost Mode), usionekane ulipo. Kwenye kamera ya simu, zima kuhifadhi mahali. Picha ya kawaida ukiituma WhatsApp hupoteza taarifa hizo, lakini ukiituma kama hati ili isipungue ubora, viwianishi vya GPS, yaani namba za mahali ilipopigwa, huenda nayo kama vilivyo. Na posti za wazi zenye mahali zina soko: kampuni ya Geofeedia iliwauzia polisi wa Marekani huduma ya kuchagua eneo kwenye ramani na kuvuta posti za wazi zilizotumwa kutoka humo. Facebook, Instagram na Twitter ziliikatia data mwaka 2016, baada ya watetezi wa haki za raia kuianika.

Kufuta posti za zamani: futa, lakini Instagram huziweka kwenye kapu la zilizofutwa kwa hadi siku 30, basi ingia na huko ukamalizie. Onyo: kama umeshajua kuna uchunguzi unaokuhusu, USIFUTE kitu. Katika nchi nyingi huko ni kuharibu ushahidi, na ni kosa linalojitegemea. Ongea na wakili kwanza.

Sasa WhatsApp, na hapa twende polepole. Ujumbe wenyewe umefumbwa, yaani unasomeka kwako na kwa unayechati naye tu, sawa. Tatizo ni nakala rudufu (backup) iliyoko Google Drive au iCloud. Kama hujaifumba, kampuni inayoihifadhi inaweza kuamriwa na mahakama kuitoa. Mipangilio, gumzo, nakala rudufu, halafu washa ufumbaji wa mwisho hadi mwisho (end-to-end). Kati ya chaguo utakazopewa: nenosiri, au ufunguo wa tarakimu 64? Mimi nachagua nenosiri refu.

SIMAMA. Usibonyeze kuendelea kabla hujaliandika kwenye karatasi. Simu ikipotea na nenosiri hulikumbuki, gumzo zimekwenda. WhatsApp hawawezi kukurudishia. Waliochagua ufunguo, usiupige skrinishoti ukaishia hapo. Simu ikiibiwa, skrinishoti imeondoka na simu. Wala usijitumie ndani ya WhatsApp, maana ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba ileile. Karatasi, narudia, karatasi, na ikae mbali na simu.

Umeandika? Soma tena herufi moja moja. O na sifuri zimeshawaliza wengi. Haya, bonyeza.

Wa iPhone, bado. Kama unahifadhi simu nzima iCloud, gumzo zako huingia humo zikiwa hazijafumbwa na ule ufumbaji uliowasha sasa hivi. Zima hifadhi hiyo ya simu nzima, au kazi yote tuliyofanya ni bure.

Na yule unayechati naye, asipowasha kwake, mazungumzo yaleyale yako wazi upande wake. Mtumie hii video, na umwambie asiiruke dakika ya karatasi.