Wakati Ubaki Nambari Nzima: Mhadhara kwa Waandishi wa Programu

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Nina jambo moja la kuwaambia. Wakati ndani ya programu uwekwe kama nambari nzima, tangu saa inaposomwa hadi jibu linapoonyeshwa kwa mtu. Ukiugeuza kuwa desimali njiani, usahihi umeshapotea.

Tupige hesabu pamoja. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na hesabu hiyo imeshapita bilioni 1.7. Nambari ya desimali (floating point) ya biti 64 ina biti 53 tu za kuwekea tarakimu. Sekunde nzima zinakula biti 31, zinabaki 22 za vipande vya sekunde. Kwa hiyo hatua ndogo kabisa inayoandikika ni kama nanosekunde 240, yaani sehemu 240 za bilioni za sekunde. Mfumo umekupa nanosekunde, wewe umezitupa, na hakuna onyo lolote. Lakini chukua nambari nzima yenye biti hizohizo 64, uhesabu nanosekunde: inafika hadi mwaka 2262 bila kupoteza hata moja.

Watu wamekufa kwa kosa la ukoo huu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kuzuia kombora, wakauawa askari 28 wa Marekani. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa nambari nzima, sawasawa kabisa. Kosa liliingia pale hesabu hiyo ilipozidishwa kwa 0.1 ili kupata sekunde, maana 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa sifuri na moja, na rejista ilikuwa na biti 24 tu. Baada ya saa 100 bila kuzimwa, tofauti ilifika theluthi moja ya sekunde. Kwa muda huo kombora linapita zaidi ya nusu kilomita.

Sasa tuhame mfumo mmoja kwenda mwingine, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Linux ina clock_gettime, inayokupa sekunde na nanosekunde kila moja mahali pake. Windows, kupitia QueryPerformanceCounter, inakupa mapigo tu, yaani hatua za kihesabu chake. Ni juu yako kuuliza ni mangapi kwa sekunde, na kwenye mashine nyingi za leo ni milioni 10. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, pigo moja la mach_absolute_time ni nanosekunde 125 gawanya kwa 3, na hiyo haigawanyiki ikaisha.

Mtu anaandika hivi kwa ajili ya Windows, ili apate nanosekunde: mapigo mara bilioni moja, gawanya kwa milioni 10. Kwenye karatasi ni sahihi. Ila tokeo la kuzidisha linajaza nambari ya biti 64 yenye alama (inayobeba chanya na hasi) mapigo yakifikia ya sekunde 922, na mapigo huhesabiwa tangu mashine iwashwe. Mashine ikitimiza dakika 15 na ushei, muda kwa kawaida unageuka hasi. Dawa yake ni kugawanya kwanza. Pata sekunde nzima, uzizidishe kwa bilioni. Baki lizidishwe kwa bilioni peke yake, ligawanywe, kisha ujumlishe.

Kuna pia suala la saa ipi usome. Kupima muda uliopita, tumia saa isiyorudi nyuma. Ya kalenda iache kwa tarehe. Sekunde ya ziada, ile ya kuilinganisha saa na mzunguko wa dunia, ilipoongezwa mwishoni mwa 2016, baadhi ya seva za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) za kampuni ya Cloudflare zilipata muda hasi na programu ikaanguka. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Go, na Go 1.9, iliyotoka 2017, ikafanya time.Now, amri yake ya kusoma saa, ibebe saa zote mbili. Nawasihi, mkiandika maktaba zenu, zipeni saa hizo aina mbili tofauti, ili kompaila ikatae zikichanganywa.

Na msifanye majaribio kuanzia sifuri. Anzisheni kihesabu karibu na ukomo wake. Kiini cha Linux hufanya hivyo: jiffies, kihesabu chake cha mapigo, huanza dakika 5 kabla ya kujaa biti 32, ili dereva (programu inayoendesha kifaa) yenye hesabu mbovu ijulikane mapema, mashine ikiwa ndiyo kwanza imewaka.

Karibuni kwa maswali.