Vipimo vya Thumuni na Sehemu ya Kumi: Jinsi Maktaba ya Programu Inavyoandika Nambari za Nukta Inayoelea

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, nimeombwa nizungumzie kazi ambayo maktaba za programu, yaani makusanyo ya msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingine, hutufanyia kila siku pasi na sisi kuitazama: kuichukua nambari ya nukta inayoelea, yaani namna kompyuta inavyohifadhi nambari zenye sehemu kama 0.1, iliyomo ndani ya kompyuta na kuiandika kwa tarakimu zinazosomeka.

Tuanzie hapa Marikiti. Chukulieni muuza mchele ambaye vipimo vyake ni nusu kibaba, robo, thumuni na kuendelea, kila kimoja nusu ya kilichokitangulia. Mteja akitaka sehemu ya kumi ya kibaba hasa, muuzaji atajumlisha sehemu ya 16, ya 32, ya 256, ya 512, na hatafika kamwe. Hapa haba na haba haikijazi kibaba. Ndivyo ilivyo kompyuta. Kwa IEEE 754, kanuni ya kimataifa ya nambari hizi ya mwaka 1985, nambari ya biti 64 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) ina biti 53 za usahihi, kwa hiyo 0.1 huhifadhiwa kama jirani yake wa karibu anayeweza kuhifadhiwa, ambaye akiandikwa kamili ana tarakimu 55 baada ya nukta.

Basi tuandike tarakimu ngapi? Zote 55 ni kweli, lakini ni kweli yenye kuchosha. Kumi na saba hutosha daima kuirudisha nambari ileile ikisomwa upya, ndiyo maana lugha ya programu ya Python, katika matoleo yake ya zamani, ilituonyesha 0.10000000000000001. Kukatia tarakimu sita baada ya nukta, kama ifanyavyo printf, amri ya kuandika ya lugha ya C, isipoelekezwa, kwangu ni kosa baya zaidi, kwani faili ikisomwa tena huenda ikarudi na nambari nyingine. Guy Steele na Jon White walieleza mwaka 1990 njia ninayoipendelea: andika tarakimu chache kabisa zitakazorudi kwenye nambari ileile, wala si kwa jirani yake. Hivyo 0.1 huwa 0.1, ilhali 0.1 + 0.2 huwa 0.30000000000000004. Wanafunzi hulalamika, lakini jumla hiyo si nambari ileile inayohifadhiwa kwa 0.3, na maktaba imesema kilichomo.

Tatizo lililobaki lilikuwa kasi, kwa kuwa njia hiyo ilidai hesabu za nambari nzima kubwa mno. Njia iitwayo Grisu, ya Florian Loitsch, mwaka 2010, ilitumia nambari nzima za biti 64 tu, na toleo lake la tatu hutambua lenyewe pale linaposhindwa, takriban mara 5 katika 1,000, likaiachia kazi njia ya polepole. Njia iitwayo Ryu, ya Ulf Adams, mwaka 2018, haihitaji msaada huo: hutegemea majedwali ya vipeo vya tano (5, 25, 125 na kuendelea) yaliyokwisha kukokotolewa.