Dalali Mchanga Asitembee Peke Yake

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Wengi wenu mwanijua na mwajua nitasema nini, maana nimelisema kila nilipopewa nafasi: dalali mchanga wa nyumba asifanye kazi peke yake. Atafute mzoefu, afuatane naye, abebe funguo, asikilize. Nalirudia leo kwa sababu kila nikifungua simu naona picha ileile ya nyumba ya Nyali imewekwa na vijana chungu nzima, kila mmoja na bei yake, na ukiwauliza mlango wa jikoni uko upande gani hakuna ajuaye.

Nianze na lililo letu hapa Mombasa, nyumba bila ardhi. Nyumba yako, kiwanja cha mwingine, kodi ya ardhi kila mwezi. Sina haja ya kuwaeleza, wengine mmezaliwa humo.

Mzee aliyenifunza kazi alinichukua siku moja Majengo. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, imepakwa rangi upya. Mnunuzi alikuwa tayari kutuma pesa siku hiyohiyo. Mimi nikaingia ndani kuhesabu vyumba na kutazama mabati. Mzee hakuingia. Aliketi barazani, akaletewa kahawa, akamuuliza muuzaji: "Kodi ya ardhi mwampa nani?" Akatajiwa. "Niletee risiti."

Zikaja kwenye mfuko wa plastiki. Mzee akazipekua moja moja, akizipanga juu ya goti. Risiti ya mwisho ilikuwa ya zamani, na jina lililoandikwa ni la marehemu baba yake muuzaji. Mzee akanywa funda moja la kahawa, akauliza: "Mko wangapi?" Kijana akasita. Akasema ana dada Lamu na ndugu mwingine Muscat. "Wanajua?" Hapo kijana akainamisha kichwa.

Mzee akamrudia mnunuzi, akamwambia asitoe hata shilingi mpaka mirathi ipite kwa Kadhi, warithi wote watie sahihi, na mwenye ardhi akubali kuandika risiti kwa jina jipya. Dada wa Lamu alipopigiwa simu alikataa kuuza. Biashara ikafa. Hatukupata kamisheni, lakini yule mnunuzi alibaki na akiba yake ya miaka.

Mtaniambia, siku hizi kuna sachi, yaani kukagua rejista ya ardhi. Fanyeni sachi, tena kila mara, na msikubali nakala ya hati iliyotumwa kwa simu. Lakini sachi yakwambia hati ya ardhi ina jina la nani. Nyumba iliyo juu yake ni ya nani, kodi imelimbikizwa kiasi gani, dada yuko wapi, hayo hayamo. Na ikiwa kiwanja ni cha wakfu, yaani kimetolewa kwa ajili ya Mungu, ardhi ile haiuzwi, hata muuzaji aape vipi. Maswali haya mtu huyajua kwa kukaa baraza moja na anayeyauliza.

Wengine husema wazee ni wachoyo, hawafundishi. Jamani, mzee anaogopa nini? Anaogopa umpeleke mteja wake kwa mlango wa nyuma wiki ijayo, na wapo waliofanya hivyo. Kwa hiyo kubalianeni mapema, kabla ya kwenda kuona nyumba yoyote: kamisheni yagawanywa vipi, mteja ni wa nani. Andikeni hata kwenye ujumbe wa simu. Kisha heshimu. Ukiwa naye mbele ya mteja usimkatize, hata akikosea bei; mngoje mtoke nje. Na mzee anayekwambia utoze watu pesa ya kuonyeshwa nyumba ambayo hana, huyo mkimbie, si mwalimu.

Naona naashiriwa saa, basi nipite haraka. Maji: uliza ni ya mfereji au ya kisima, na uonje, maana maji ya chumvi yanakula mabomba. Tazama dari na nguzo, nondo zikishika kutu saruji huanza kubanduka. Amana, ile asilimia 10 ya bei, ipitie kwa wakili, isikae mfukoni mwako. Ushuru wa stempu, anaolipa mnunuzi serikalini, mjini ni asilimia 4 ya thamani. Mgeni asiye raia hapati ardhi ya milele, Katiba ya Kenya yampa muda usiozidi miaka 99. Na usajili: Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iko tangu 1984, na bado kuna watu humu hawajawahi hata kuuliza fomu ya Bodi inayotusajili. Muulizeni mwalimu wenu kama yeye amesajiliwa. Akikasirika kwa swali hilo, tafuteni mwingine.

La wapangaji wa msimu wa watalii nililitayarisha, litabaki kwa siku nyingine. Maswali sasa. Wewe wa nyuma uliyeinua mkono, simama.