Oili Ndani ya Rejeta: Usikimbilie Kufungua Silinda Hedi

Karibuni, ndugu zangu. Kabla sijaanza, hiki kikopo kizunguke, kila mtu achovye kidole. Ni maji niliyoyamwaga kutoka kwenye rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, ya gari moja. Yamekuwa kama losheni ya kahawia, na ukiyasugua vidoleni yanateleza tu, hayakauki.

Mtu akiona hivi, neno la kwanza ni "gasketi ya hedi imeungua", yaani ile ya kuziba kati ya bloku na silinda hedi, sehemu ya juu ya injini. Nami nilisema hivyo nikiwa bado najifunza ufundi. Tukafungua silinda hedi, kazi ya siku mbili, tukakuta gasketi nzima. Ubovu ulikuwa kwenye kipoza oili, kitu kinachopoza oili kwa maji ya rejeta, kimefungwa kwa bolti chache tu pembeni mwa bloku. Aibu ile sijaisahau.

Tuanze na presha. Injini ikizunguka, pampu husukuma oili kwa baa (kipimo cha presha) 2 hadi 5 hivi. Maji yakishapata moto hufika kama baa 1, kisha kifuniko cha rejeta kinaachia. Basi njia ya oili na ya maji zikitobokeana, oili ndiyo yenye nguvu, inaingia kwenye maji. Ndiyo maana unachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, unakuta oili safi, na rejeta imejaa uchafu. Ukizima injini mambo yanageuka: presha ya oili inaanguka palepale, maji bado ni ya moto na yana presha yake, yanaweza kupenya kwenda kwenye oili. Kwa hiyo dipstiki iangalie asubuhi, kabla ya kuwasha. Ukiwa na shaka, dondosha tone la oili juu ya bati la moto. Likitatarika, lina maji.

Dipstiki safi, maji machafu, injini haichemshi wala haitoi moshi mweupe: mimi naanza na kipoza oili. Kitoe, ziba matundu ya oili, bakiza moja la kuingizia upepo, kitumbukize kwenye beseni la maji. Mapovu yatakuonyesha palipotoboka.

Gasketi ina dalili zake. Maji yanapungua, injini inachemsha, mapovu yanapanda kwenye rejeta mara tu ukiwasha, gari likiwa bado baridi. (Na kifuniko hicho hakifunguliwi kikiwa cha moto, hata kama mteja ana haraka.) Kuna dawa ya bluu ya kupimia: unavuta hewa iliyo juu ya maji ipite ndani yake, na kwa injini ya petroli ikigeuka njano, gesi ya mwako imo. Ila msiiamini kupita kiasi. Gasketi inaweza kuvuja kati ya oili na maji peke yake, bila kugusa chumba cha mwako, na dawa ikabaki bluu vilevile.

Maji ya rejeta yakiwa na rangi ya waridi, achana na oili ya injini. Hiyo ni oili ya gia boksi ya otomatiki, ambayo kwenye magari mengi hupozwa ndani ya rejeta yenyewe. Gari hilo livutwe, lisiendeshwe. Maji yakifika kwenye sahani za klachi, vitambaa vyake hubanduka.

Naulizwa hapa mbele kuhusu povu jeupe chini ya kifuniko cha oili. Likiwa hapo tu, na gari linakwenda safari fupifupi, mara nyingi ni mvuke ulioganda. Na kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, za aina mbili zikichanganywa zinaweza kufanya tope linalodanganya. Tope hilo halina utelezi wa oili, linganisheni na la kikopo.

Kusafisha kunachosha kuliko kutengeneza: sabuni isiyo na povu jingi, thermostati (vali inayofungua njia ya maji yakipata moto) imetolewa, maji yanamwagwa mara nne, tano, mpaka yatoke bila utando juu. Halafu bonyeza mipira ya rejeta, yale mabomba ya kupitisha maji. Mingi haivumilii oili, huvimba na kulainika, na ukiiacha itapasuka njiani kazi yako ikiwa bado mpya.

Haya, kikopo kimefika wapi?